Beseni la Mama Ephraïm

Kuna watu ambao mto ukiwamezea nyumba hulia, kuna wanaoitukana serikali, na kuna Mama Ephraïm, ambaye aliomba koleo.

Ulikuwa msimu wa mvua kubwa. Kule Alunguli, ng'ambo ya mto, ukingo ulikuwa ukimeguka kidogo kidogo tangu mwaka uliotangulia, na asubuhi ile ufa ulikuwa umefika kwenye ukuta wa jiko lake. Majirani wakaja mbio kuokoa vitu: huyu godoro, yule masufuria, mwingine kang'oa mlango wenyewe pamoja na bawaba zake. Mama Ephraïm akapita katikati yao kana kwamba hawaoni, akaenda nyuma ya jiko, akapiga magoti kwenye kitalu chake cha miche ya nyanya chungu, akaichimba pamoja na udongo wake, akalijaza beseni la plastiki mpaka likafurika. Ndipo akakubali kupanda mtumbwi. Kesho yake mahali pa kiwanja palikuwa na maji tu, yanapita zake kama vile hapajawahi kukaa mtu.

Sandrine, mke wa mwanawe Yannick na mama wa wajukuu wake, alimpokea upande wa Kindu. Alinyoosha mikono amtue beseni, mama akatikisa kichwa. Akalibeba mwenyewe kupanda kile kilima chote mpaka Mikelenge, mwanamke wa miaka sitini na kitu, udongo mbichi kichwani na shingo haiyumbi, na mkamwana nyuma yake anahema na kifurushi cha nguo tu. Sandrine alijisemea moyoni kwamba akifika umri ule angeshukuru kuwa hata na nusu ya shingo hiyo.

Na alijua kilichokuwa ndani ya beseni. Familia nzima ilijua. Wewe hujui, kwa hiyo nipe nafasi nikurudishe nyuma kidogo, na usiniharakishe.

Mwaka ule wa vita mji ulifungwa. Askari ndani, wapiganaji msituni, na katikati yao watu ambao hawakumkosea mtu yeyote. Aliyetoka kwenda shambani, nyumbani walimuaga kabisa. Sombe, yale majani ya muhogo ya kila siku, ikawa chakula cha kuhadithiwa. Ephraïm, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, alishikwa na surua wakati tumbo lake lina siku nyingi halijaona kitu, na surua ikimkuta mtoto mwenye njaa haihangaiki naye sana. Makaburi ya mji yalikuwa nyuma ya kizuizi cha askari, hakuna wa kuvuka. Basi jirani yao, Mzee Djamali, akachimba nyuma ya jiko, wakamlaza pale. Baba yake alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na hakurudi tena. Yannick alikuwa bado ananyonya, na maziwa yenyewe yalikuwa yanakauka.

Mama Ephraïm alikuwa amepanda kila kinachopandika uani kwake. Kilichochipua kiling'olewa kabla hakijakomaa. Waling'oa askari, waling'oa watoto wa mtaani, waling'oa hata majirani aliosali nao kanisa moja, na nani atamlaumu mtu ambaye wanawe wanakula magome? Lakini siku moja aliona jambo. Askari aliingia uani na bunduki yake kutafuta chochote cha kutafuna, akapekua kila kona, na alipofika kwenye kile kituta kidogo cha kaburi nyuma ya jiko, akakizunguka. Hakukikanyaga. Mama akakaa na jambo hilo moyoni, akaligeuza na kuligeuza. Halafu akachukua mbegu za nyanya chungu alizokuwa amezifunga kwenye pindo la kitenge chake, akazimwaga juu ya kaburi la mwanawe.

Watu walinong'ona. Waache wanong'one, hakuna hata mmoja aliyekuja na bakuli la uji. Miche iliota, na hakuna mkono uliothubutu kuigusa. Ilipopata majani ya kutosha aliihamisha, mmoja mmoja na tonge lake la udongo, akaipanda ndani ya nyumba: kwenye chungu kilichopasuka, kwenye kopo la maziwa, kwenye sanduku chini ya dirisha, popote mwanga ulipoingia. Ikazaa. Yannick akala nyanya chungu zilizopondwa na chumvi kidogo, akaishi. Iliyozidi aliwapa wanawake wa mtaa wake, kila mche umefungwa kwenye jani la mgomba na udongo wake, kwa sababu kwa watu wa pale mche hautoki uchi. Ukimpa mtu mche uliopukutwa udongo, ni kama umemnyima. Mtaa mzima ulikula. Mama Ephraïm hakujisifu hata siku moja. Alisema tu kwamba Ephraïm ndiye aliyemlea mdogo wake.

Vita vikaisha na kitalu hakikuhama. Kila msimu alisia mbegu pale pale, mpaka mto ulipokuja kukichukua.

Kwa hiyo ule udongo wa kwenye beseni, ukishikilia mizizi ya ile miche, ndio uliokuwa umebaki wa kaburi la Ephraïm. Hapakuwa na mwingine duniani. Na miche yenyewe ilikuwa imeanza kubanana, inataka kuhamishwa upesi, la sivyo itakufa.

Sasa njoo kwa Sandrine. Uwanja wa Yannick ni mdogo na ardhi yake ni ya mawe mekundu, jembe likipiga linakurudishia moto mikononi. Mtu akikuambia bustani pale utamcheka, na Sandrine walimcheka kweli. Lakini alikuwa na binamu yake kule Lubutu aliyemfundisha kulima bila udongo, na Sandrine akishajifunza kitu hakiachi kilale. Alipasua mapipa ya plastiki kwa urefu, akayalaza juu ya vigingi, akayajaza changarawe ya mtoni aliyoiosha mpaka maji yakatoka meupe. Kutoka chini ya kila pipa ukatoka mpira wa maji unaoingia kwenye ndoo yake, na ndani ya ndoo maji yenye mbolea. Ukiiinua ndoo na kuitundika juu kwenye msumari, maji yanashuka kwa ule mpira, yanaingia pipani kutoka chini, yanapanda polepole katikati ya changarawe. Ukiishusha ndoo chini, maji yote yanarudi ndani yake, na mizizi inabaki na unyevu na hewa. Asubuhi, mchana, jioni, unapandisha na kushusha. Ni kazi ya mkono, haitaki umeme wala mafuta, na pilipili zake zilikuwa zikinenepa juu ya mawe mpaka waliomcheka wakaja kuomba.

Mama Ephraïm alikaa kwenye kigoda akatazama maji yakipanda na kushuka kutwa nzima, hakuchoka.

"Hii mto yako iko na adabu," alisema mwishowe. "Inapanda, inashuka. Yangu ilisahau kushuka."

Siku iliyofuata alimtazama Sandrine akihamisha miche yake mwenyewe ya lengalenga, yaani mchicha. Sandrine huisia kwenye mchanga. Aliinyanyua kwa mpini wa kijiko, akaishika kwa jani, si kwa shina, kwa sababu jani likikatika litaota jingine lakini shina likipondeka basi. Akaichovya kwenye bakuli la maji na kuitikisa taratibu mpaka mizizi ikabaki myeupe kama uzi. Akafungua tundu kwenye changarawe kwa kidole, akaishusha mizizi ndani bila kuikunja, kwa kina kile maji yanakofika, akairudishia changarawe juu yake kama anamfunika mtoto shuka. Mwisho akatandaza makuti juu, jua lisiipige siku za kwanza. Mama Ephraïm akamwambia ana mikono ya mkunga, na Sandrine, ambaye hajazoea kusifiwa na mtu huyo, akafurahi hadi masikio yakapata moto.

Kisha mama akasogeza beseni lake karibu. Alitazama lile bakuli la maji yenye mchanga, akalisukuma pembeni.

"Yangu itaingia na udongo yake," akasema.

Hapo Sandrine alipaswa kusema. Alijua vizuri kwamba udongo ukiingia kwenye changarawe utateremka na maji, utajikusanya chini, utaziba mpira, na pipa likiziba maji yatasimama na mizizi itakosa hewa. Aliambiwa na binamu yake kabla ya jambo jingine lolote. Lakini jiweke mahali pake. Mkamwana gani atafungua kinywa amwambie mama mkwe amwage kaburi la mwanawe kwenye bakuli? Akasema ndiyo, mama. Akampa pipa lililo bora kuliko yote, la karibu na mlango, lenye kivuli cha mchana. Akakata kipande cha chandarua akakifunga kwenye mdomo wa mpira, akamwomba Mungu asaidie pale chandarua kitakaposhindwa. Wakapanda pamoja, kila mche na tonge lake jeusi, na mama aliposimama alikuwa na uso wa mtu aliyemfikisha mgeni salama.

Mungu alisaidia siku chache. Halafu jioni moja Sandrine akashusha ndoo na maji hayakurudi.

Akasukuma waya ndani ya mpira. Akapuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka. Yalidondoka matone meusi kidogo, yakakoma. Miche ilikuwa imesimama kwenye maji kama watu waliofurikiwa. Sasa, mwingine angemwita mama papo hapo. Sandrine alikwenda jikoni akachukua kikombe, akafukua shimo dogo kwenye kona ya pipa, akaanza kuyachota maji kikombe kwa kikombe, akiyarudisha kwenye ndoo. Kesho yake akafanya vilevile mama alipokwenda kusali, na akafanya tena mama alipolala mchana. Akawa anachagua saa kama mwizi, katika uwanja wake mwenyewe, anaiba maji yake mwenyewe. Mgongo ulimuuma, na majani ya chini yakaanza kugeuka manjano hata hivyo, kwa sababu kikombe hakifiki chini kule ambako udongo umelala na kuanza kunuka.

Yannick alirudi kutoka Kailo, alikokwenda kununua ndizi za kuuza, akamkuta mkewe ameinama juu ya pipa na kikombe chake. Alipoelezwa alicheka kwanza, akafikiri ni jambo la kuchekwa. Sandrine akamwomba azungumze na mama yake, kwani mama ni wake. Yannick alikaa chini kwenye ukingo wa baraza akakuna kichwa. Alisema yeye amekula jasho la kaka yake tangu hajaota meno, na mdomo wa kumwambia mama amuoshe Ephraïm atoke kwenye mizizi hana, hata apigwe. Akaenda kupanga ndizi zake. Wanaume bwana, ng'ombe mzima atambeba, lakini neno moja linamshinda.

Basi ikabaki kwa Sandrine. Alilala na jambo lile, akaamka nalo. Asubuhi aliona jani la juu la mche mmoja limelegea, na akajua kwamba mambo ya kikombe yamekwisha. Leo atasema, au kesho wataizika miche. Akaenda kumtafuta mama, akamkuta tayari ameketi kwenye kigoda chake mbele ya pipa, beseni liko tupu miguuni pake.

Sandrine alipiga magoti, kama anavyopaswa, akaanza kuzunguka kwa maneno. Alianza na mvua, akaja kwenye changarawe, akaja kwenye mpira. Mama akamwacha aongee mpaka maneno yakamwishia.

"Nilikuona," akasema. "Siku ya kwanza. Na ile muchana nilikuwa na funika macho, lakini sikulala. Unateka maji na kikombe kwa sababu yangu."

Sandrine aliinamisha kichwa. Alisema, kwa sauti ambayo alitaka iwe kubwa zaidi, kwamba miche inakufa, mama, na kwamba itapona tu ikitolewa na kuoshwa udongo wote. Hapo hapo akaongeza kwamba udongo hautapotea. Atauacha utuame chini ya beseni, amwage maji, autie kwenye chungu kizuri na mfuniko, ukae ndani kwa mama, pembeni ya kitanda.

Mama Ephraïm alifikiri. Alikuwa na namna ya kufikiri kwa vidole, anavipangusa kimoja kimoja kana kwamba vina unga.

"Mu chungu nitafanya naye nini?" aliuliza, na hakuwa amekasirika. "Pale nyuma ya jiko alikuwa na kazi. Alikuwa analisha wenzake. Umufunge mu chungu chini ya kitanda, hapana. Na nusu yake iko tayari mu mutoni. Muntu analala pahali pamoja. Tutaosha, halafu tutashuka na ile maji, tumupeleke akutane na ile nusu yake ingine."

Akatia maji kwenye beseni, akapandisha mikono ya blauzi. Sandrine akataka kuanza yeye, ili mama asiione kazi yenyewe, lakini mama alimsogeza kwa kiwiko. Akachimbua mche wa kwanza kwa mpini wa kijiko, akaushika kwa jani, si kwa shina, kama alivyomwona mkamwana akifanya, mara moja tu alimwona. Huyu ni mtu aliyehamisha miche maisha yake yote kwa njia moja, njia iliyoulisha mtaa wakati wa njaa, na katika uzee wake, siku ya msiba wake, anajifunza njia nyingine bila kunung'unika.

Miche ilipona, nisikufiche. Mmoja tu ulikufa, ule uliolegea. Sandrine aliuosha mpira, akaiosha changarawe, na ukipita Mikelenge leo utaona nyanya chungu zimening'inia juu ya mawe, na wanawake wanaotoka mbali kuja kuchukua miche, na Mama Ephraïm anawafundisha kuosha. Lakini siyo hilo ninalotaka uondoke nalo. Ninataka umwone pale kwenye kigoda asubuhi ile, mche wa kwanza mkononi, maji kwenye beseni, na mkono umesimama hewani, haushuki.

Sandrine alidhani amebadili nia. Angebadili, nani angemlaumu? Alikuwa karibu kumwambia basi, mama, tuache, tutapata mbegu kwingine.

"Sikumuogesha," Mama Ephraïm akasema.

Sandrine hakuelewa mara moja. Mama aliendelea, macho kwenye mche, sauti yake ile ile ya kila siku.

"Ile wiki askari walikuwa wanapiga risasi kila muntu anashuka ku mutoni. Mu nyumba kulibakia maji kidogo mu bidoni. Yannick alikuwa anawaka homa, naye pia ile surua. Maji ya kuogesha mufu, ao maji ya kukunywesha muzima. Nilichagua ule mwenye kupumua. Ephraïm alienda mu udongo na jasho yake na vidonda yake. Mimi mama yake. Sikumupangusa hata uso."

Hakuwahi kumwambia mtu. Yannick, ambaye alikunywa maji hayo, hakujua, na alikuwa amesimama mlangoni na mkungu wa ndizi begani, akaushusha chini polepole bila sauti.

Sandrine aliinuka. Mizizi ya nyanya chungu haihitaji maji ya moto, hakuna anayelijua hilo vizuri kuliko yeye. Alikwenda jikoni, akachukua birika lililokuwa kwenye makaa, akarudi, akaanza kuchanganya kwenye beseni kidogo kidogo, akizungusha kwa mkono, kama anavyowaandalia wanawe maji ya kuoga kila jioni. Akapiga magoti akamsogezea.

Mama Ephraïm alitia kiwiko majini, akangoja, akasema yametosha. Kisha akaushusha mche taratibu, kiganja kimoja chini yake, akaanza kuosha.